Ngoma ya Polepole kwa Ngazi Arobaini na Mbili

3 Machi

Daftari hili nimelijalidi mwenyewe kwa mabaki ya karakana yetu ya vitabu: karatasi nyeupe, nyingine za krimu, chache za kijani, na jalada jeusi ambalo Shangazi Gundi, mwenzangu wa kazi, alilibandika kichwa chini kwenye tasnifu ya mtu, ikabidi libanduliwe. Nilikuwa nimeliweka tu. Leo nimepata cha kuandika.

Kaka amekuja, amekaa, amekunywa maji glasi mbili, ndipo akasema lililomleta. Mvua za masika zikiisha anamchukua Baba kwenda kuishi kwake, safari ya saa nane kwa basi. Kwake hakuna ngazi. Hapa tuko ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na mbili, na tangu Baba apatwe na kiharusi mwezi wa kumi hajazikanyaga kwa mguu wake hata moja. Mara mbili kwa wiki majirani wawili wanambeba kwenye kiti cha plastiki ili aende mazoezini. Hukaa humo amenyooka, macho ameyafumba, mpaka wamfikishe chini.

"Hapa ni jela," Kaka akasema. "Mtu mzima miezi mitano anaangalia ukuta!"

"Haangalii ukuta. Anaangalia dirisha."

"Mdogo wangu, usinifanyie utani."

Baba alikuwa anapiga kiatu rangi. Alifundisha gwaride miaka thelathini na moja, na hata sasa ambapo kiatu cha kushoto hakina kazi, hakilali bila kung'aa. Alitungoja tumalize kuvutana. Kisha akamwambia Kaka, kwa ulimi ambao bado mzito kidogo, "Nikishuka na kupanda zote mwenyewe? Bila mtu kunishika?"

"Hapo nafunga mdomo, Baba."

"Koplo, andika."

Koplo ni mimi. Nimeandika.

5 Machi

Chumba cha mazoezi kina vyuma viwili sambamba vya kushikia, kioo ukuta mzima na mikeka inayonuka dawa ya kusafishia. Mtaalamu wa viungo ni binti, mdogo kuliko mimi, lakini anajua kuamrisha, kwa hiyo Baba anamwita Afande na yeye ameshazoea. Leo alileta kidude kinachogonga tik, tik, tik. Alitueleza kwamba mguu uliosahau kutembea hukumbushwa na mdundo; sikio linausukuma pale akili inapogoma.

"Mimi sitembezwi na saa," Baba akasema.

"Basi leteni muziki, Baba. Ngoma isikike wazi, midundo sabini hivi kwa dakika. Isizidi."

Baba akataka muziki wa gwaride kwenye simu yangu. Gwaride lina midundo mia na ishirini. Hatua ya tatu akakumbatia chuma. Tukarudia, akakumbatia tena.

"Huo mguu wako bado kuruta, Baba," Afande akamwambia. "Usimkimbize."

"Kuruta hukimbizwa ndiyo aamke."

Hakuamka.

6 Machi

Mvua. Paa la karakana linavuja juu ya mashine ya kukatia karatasi. Tumeweka ndoo.

8 Machi

Midundo sabini kwa dakika, ngoma wazi. Tangu juzi namba hiyo inanizunguka kichwani, maana hiyo ndiyo nchi ninayoishi mimi.

Kundi letu kwenye simu lina watu kumi na mmoja ambao hawajawahi kuonana. Tunasikiliza trip-hop na dauntempo: ngoma nzito isiyo na haraka, besi inayotambaa chini, mkwaruzo wa santuri ya zamani, kinanda kilichochoka, na mara nyingi mwanamke anayeimba kama yuko chumba cha pili na hajui kuna mtu anamsikia. Tunaitana kwa kazi. Mimi ni Mjalidi. Kuna Dereva wa Kreni, kuna Mama Maabara, na wengine.

Kila Ijumaa kila mmoja anapendekeza wimbo mmoja kwa sentensi tatu, si mbili wala nne. Ya kwanza: utasikia nini. Ya pili: usikilize ukiwa wapi, unafanya nini. Ya tatu ni tahadhari, yaani mahali wimbo unapoweza kumkwaza mtu, kwa mfano king'ora cha ghafla au maneno yasiyofaa mbele ya mama mkwe. Ni marufuku kuandika "utaupenda", maana hiyo siyo taarifa, ni vitisho.

Nje ya kundi sina bahati. Shangazi Gundi nilimpendekezea mwaka jana, akasikiliza nusu wimbo akaniambia gundi inakauka kabla huyo dada hajamaliza neno moja. Sasa namtazama Baba, mtu wa tarumbeta na mia na ishirini, na najiuliza nianzie wapi.

12 Machi

Nimeanza. Nilichagua wimbo wenye midundo sabini na miwili, nikaweka spika ndogo mezani, nikamwambia tu kwamba ni dawa ya Afande.

Dakika nzima ya kwanza ni mkwaruzo na upepo. Baba akatazama spika, akanitazama mimi.

"Imeharibika?"

"Inakuja, Baba."

"Ngojangoja huumiza matumbo." Kisha ngoma ikaingia, na yule mwanamke akaanza. Baba akasikiliza huku ameinamisha kichwa. "Huyu mama anaumwa?"

"Hapana. Ndivyo anavyoimba."

"Hana mtu wa kumpeleka hospitali?"

Nilikasirika, nakiri. Muziki huu nimeutetea kwa watu wengi lakini sikuwahi kuutetea kwa baba yangu, na inauma zaidi. Nikanyoosha mkono kuuzima. Hapo nikaona kiatu cha kulia kinagonga sakafu. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Nikaurudisha mkono wangu mapajani.

14 Machi

Mara kumi na moja kati ya vyuma, kwenda na kurudi, bila kukumbatia hata mara moja! Kwa "Mama wa Chumba cha Pili". Jina hilo amelitoa Baba.

Afande aliandika kwenye faili lake, kisha akaniomba wimbo. Kwenye mkeka wa pembeni alikuwepo mwalimu mstaafu wa hesabu aliyebadilishwa nyonga, naye akataka kusikiliza. Nikampa sentensi tatu. Akauliza kwa nini tatu. Nikamwambia ndiyo sheria, akaridhika. Watu wa hesabu wanapenda sheria.

15 Machi

Tasnifu sita leo. Vidole vimenata.

19 Machi

Baba anasema muziki wangu bado anauona wa watu waliokosa usingizi. Lakini asubuhi nimemkuta amesimama dirishani, fimbo mkono wa kulia, anahamisha uzito kushoto, kulia, kushoto, na spika inalia. Aliiwasha mwenyewe.

25 Machi

Ngazi kumi na nne za kwanza, kutoka mlangoni kwetu mpaka ghorofa ya pili, kisha kupanda tena. Afande ametufundisha: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Hatua moja kwa kila midundo miwili. Spika nimeifunga kwa uzi wa kujalidi, ikaning'inia shingoni kwake. Milango miwili ikafunguliwa kidogo, pua zikachungulia.

"Mnatazama nini?" Baba akauliza. "Sherehe bado."

Alipofika juu shati limelowa mgongoni. Nilitaka kumkumbatia, akasema, "Mguu pande, Koplo," yaani nipumzike. Nikaenda kulia jikoni, kwa furaha, huku naosha kikombe kilichokuwa safi.

29 Machi

Mvua, mvua, mvua. Ngazi ishirini na nane. Kaka amepiga simu, nikamwambia kwa majivuno. Akasema, "Vizuri," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Ana haraka gani ya kunichukulia mzee wangu?

2 Aprili

Nimemwangusha Baba.

Niandike sawasawa, maana hakuna mwingine wa kulaumiwa. Wiki tatu tumetumia wimbo mmoja, na aliyeuchoka si Baba, ni mimi. Ijumaa Dereva wa Kreni alipendekeza wimbo mpya kwenye kundi, mzuri kupita kiasi, midundo sabini kamili. Ngoma yake ni nzito na kavu, na kuna ala ya nyuzi inayopanda taratibu juu yake. Tahadhari aliiweka, sentensi ya tatu kama kawaida: "Dakika ya pili ngoma inatoka kabisa, usidhani simu imezima." Niliisoma. Kwetu sisi hilo si kasoro, ndiyo utamu wenyewe; ngoma inaondoka, zinabaki nyuzi na sauti, unaning'inia, kisha ngoma inarudi na mwili wote unashukuru. Nikamwekea Baba. Nikampa sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu sikumpa.

Tulikuwa tunapanda kutoka ghorofa ya kwanza. Ngazi ya kumi na tisa. Mguu wa kulia umeshatangulia, wa kushoto ameunyanyua, na ngoma ikatoka.

Baba akasimama na mguu juu. Miaka thelathini na moja amewafundisha watu kutoshusha mguu bila amri, na amri ilikuwa imekatika. Nilimwona anangoja. Nilimwona anageuza sikio kidogo, kama anaulizia. Nikasema "Baba, shusha," lakini nilisema polepole, kwa sababu hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza zile nyuzi. Fimbo ikateleza. Alianguka ubavu, ngazi tano, mpaka pale kona ya ghorofa ya pili. Spika ikabiringika mpaka chini kabisa, na huko chini ngoma ikarudi.

Majirani wakaja na kile kiti.

Hakuvunjika. Kifundo cha mkono kimeteguka, goti limevimba, sikio limechubuka. Daktari amesema wiki mbili bila ngazi. Baba hakunigombeza. Alipolazwa kitandani kwake alisema, "Zima hicho kitu," nami nikamwambia kimeshazimwa, Baba, kimebaki chini. "Basi kibaki hukohuko."

Nimempigia Kaka. Ningeweza kutompigia.

3 Aprili

Kaka amefika.

4 Aprili

Hajanigombeza na yeye. Afadhali angenigombeza.

5 Aprili

Kundi linapendekeza nyimbo. Mimi sijaandika kitu.

7 Aprili

Kaka anafua, anapika, anamgeuza Baba, anamkanda goti kwa maji ya moto. Anafanya kila kitu kwa haraka na kwa kelele. Leo alikuwa anaanika mashuka kwenye kamba ya barazani, mvua imepumzika, nikaenda kumshikia upande wa pili. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa hotuba.

"Unajua mwezi wa kumi ni mimi niliyemkuta," akasema.

Nilijua. Alikuwa amekuja kututembelea wiki ile.

"Hujui alikuwaje. Sikukuambia." Akavuta shuka likanyooka. "Alikuwa kati ya kitanda na kabati. Amekaa hapo tangu alfajiri. Macho wazi, anajaribu kuniita, na jina langu halitoki. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimelala. Nimelala, unanisikia? Ukuta mmoja tu."

"Mimi nilitoka kwenda kazini," nikasema. "Nilipita mlangoni kwake sikugonga. Nilijua amelala."

Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu.

"Sasa simu yako ikilia," Kaka akasema, "mimi nakufa kwanza ndiyo napokea. Kila siku. Kwangu nitakuwa namsikia anakohoa. Basi. Sina lingine."

Tulimaliza mashuka. Mwezi mzima nimemwandika humu kama mnyang'anyi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilimwona yeye tu akivuta; kumbe ngozi ni moja na mimi nimeshika upande wa pili. Ngazi zile zimekuwa za Baba au zangu? Na ule wimbo nilimwekea nani?

8 Aprili

Kaka amerudi kwake. Mwisho wa mwezi wa tano atakuja na gari. Sikumbishia.

12 Aprili

Ijumaa. Nimeandika kwenye kundi. Nimewaeleza yote: Baba, ngazi, sentensi ya tatu niliyoimeza. Nikamalizia kwamba najitoa, maana mtu asiyetoa tahadhari hastahili kupendekeza kitu.

Dereva wa Kreni akajibu wa kwanza: "Hakuna kujitoa. Tunahitaji ngoma isiyosimama. Nipeni siku mbili."

14 Aprili

Nyimbo kumi na saba! Watu ambao sijui hata sura zao wamekaa na saa mkononi. Mama Maabara amesikiliza wimbo wa dakika tisa mara mbili, akaandika kila mahali ngoma inapopungua, hata kwa mdundo mmoja. Mwingine ameandika: "Hauna tahadhari yoyote. Nimetafuta." Dereva wa Kreni ametuma wimbo wa midundo sitini na minane: "Ngoma imara tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimeusikiliza nikiwa juu kabisa, mizigo ikipita chini yangu. Tahadhari: mwishoni inafifia, hakikisha mzee ameshafika."

Nilisoma hiyo ya mwisho karakanani na Shangazi Gundi akaniuliza kwa nini nachekea gundi.

16 Aprili

Nimempelekea Baba habari njema: nyimbo kumi na saba ambazo hazinyamazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji. Nilimsomea chache. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Waambie ahsante. Ni askari wazuri hao," akasema. "Sasa lete ule ulioniangusha."

"Baba, hapana."

"Koplo."

Nikauleta. Spika ina ufa ubavuni lakini inalia. Akakaa wima, visigino viwili sakafuni, akaanza kugonga cha kushoto, kile kibovu, kwa shida, mdundo mmoja upo mmoja haupo. Dakika ya pili ngoma ikatoka. Kisigino kikasimama. Akaguna.

"Unaona? Kosa si la wimbo. Wala lako."

"Langu, Baba. Sikukuambia."

"Lako lipo, limeshaandikwa, funga faili. Sikiliza." Akanyoosha kidole. "Uwanjani bendi hupiga, kisha hunyamaza. Kuruta wa wiki ya kwanza husimama. Nimewapigia kelele vijana wangapi mimi? Ngoma ikinyamaza, hatua hainyamazi! Unaibeba mwenyewe, hapa." Akajigonga kifuani. "Miaka thelathini na moja nawaambia hivyo. Halafu mimi nasimama kwenye ngazi na mguu hewani kama bata."

"Lakini zile kumi na saba ni salama zaidi."

"Nikishuka chini na spika ikaishiwa moto, nifanye nini? Nikalie ngazi nikungoje? Rudisha mwanzo."

Tumeurudisha mara tisa. Ukimya una midundo kumi na sita. Nilikuwa nausikia miaka yote nyimbo kama hizi na sijawahi kuuhesabu. Mara ya tisa alihesabu kwa sauti ya uwanjani, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ngoma iliporudi ilikuta kisigino chake kinashuka. Hakutabasamu. Alisema "Mguu pande," akapumua.

17 Aprili

Mara kumi na mbili. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio, akapatia mdundo.

23 Aprili

Daktari ameruhusu. Afande aliposikia mpango wetu alishika kiuno. "Wimbo uleule?" Baba akamwambia uleule. Afande akaniangalia mimi, nikamwambia mimi ni koplo tu. Tumeanza upya kwenye vyuma, na Afande amekaa nyuma yake na mikono wazi.

30 Aprili

Kwenye ukimya alikosea. Akashika chuma. Akaendelea.

4 Mei

Hakukosea. Mwalimu wa hesabu alipiga makofi, kisha akaniambia ukimya wa kumi na sita ni chaguo zuri kwa sababu unagawanyika vizuri. Yeye sasa ananipendekezea mimi. Ametuma wimbo kwenye simu yangu na sentensi tatu, ameziwekea namba.

9 Mei

Ngazi kumi na nne. Mimi niko nyuma yake ngazi moja, mikono wazi, na midomo inahesabu.

10 Mei

Shangazi Gundi ameomba ule wimbo wa mwaka jana. Anasema umbea wa karakana umemfikia, kwamba muziki wangu unafufua watu. Nikamwambia haufufui, unatembeza tu.

15 Mei

Ishirini na nane, na ukimya ulimkuta palepale, ngazi ya kumi na tisa. Yeye akapita pale bila hata kupageukia.

18 Mei

Nimempigia Kaka mwenyewe, kabla simu yangu haijamwua. Nikaanza kwa kusema "hakuna baya". Akashusha pumzi ndefu sana. Nimeamua kila simu nitaianza hivyo.

Nikamwambia pia, kwa kweli ya moyo wangu, kwamba Baba asipoweza nitamfungia mizigo na sitanuna. Akasema, "Utanuna." Basi, nitanuna kidogo.

24 Mei

Mawingu mepesi. Ndoo ya karakana imekaa tupu siku tatu. Baba amepiga viatu rangi mara mbili.

26 Mei

Kaka alifika saa nne asubuhi. Gari akaliacha barabarani, milango ya nyuma wazi, na kile kiti cha plastiki amekishika mkononi, sijui alikitoa wapi. Baba alikuwa ameshasimama mlangoni: shati jeupe, fimbo, spika yenye ufa shingoni.

"Hicho kiti cha nani?" akauliza.

"Cha kupumzikia, Baba."

"Kikalie wewe."

Kushuka alitumia "Mama wa Chumba cha Pili". Mguu mgonjwa mbele, mzima unafuata. Kona ya kwanza alipumzika, kona ya pili alipumzika. Kaka alimtangulia kinyumenyume, ngazi mbili chini, mikono ameitandaza, jasho linamtoka kuliko Baba. Ngazi arobaini na mbili. Baba akakanyaga udongo uliolowa, akatoka mpaka kwenye gari la Kaka, akaligonga boneti kwa fimbo, akageuka. Nyuma geuka yenyewe haikuwa nzuri. Ilichukua hatua tano. Sijawahi kuona nyingine nzuri kuliko hiyo.

"Koplo. Ule mwingine."

Kaka alikuwa hajausikia. Nilitaka kumwambia, nikafungua mdomo kabisa, lakini Baba alikuwa ameshaweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza na ngoma inaingia. Mara ya pili hiyo nimemeza tahadhari, na mara hii niliimeza kwa woga.

Kumi na nne za kwanza, sawa. Konani hakupumzika kama siku nyingine, akapitiliza. Ngazi ya ishirini na mbili, mguu wa kushoto hewani, ngoma ikatoka.

Kaka akaruka. Alidhani kila kitu kimekatika, spika, Baba, dunia. Mikono yake ilifika kwapani kwa Baba na ilikuwa haijagusa.

"Usinishike!"

Mikono ikasimama hapohapo. Kaka hakuirudisha wala hakuisogeza. Baba akashusha mguu wa kushoto. Akapandisha wa kulia. Zile nyuzi zilikuwa zinapanda peke yake kwenye ngazi zile, na chini yake nikasikia fimbo, kiatu, kiatu, na sauti ya Baba ya chinichini, kushoto, kulia. Ya ishirini na tatu. Ya ishirini na nne. Kaka anapanda naye, mikono ileile kwenye hewa ileile, machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta. Ya ishirini na tano. Mimi sikuhesabu. Kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Na kwenye ya ishirini na sita, kiatu cha kushoto kinagusa ngazi, ngoma ikarudi chini yake palepale.

Tukapanda hivyo mpaka ya arobaini na mbili.

Mlangoni Baba aliegemea ukuta, akavuta pumzi, akamtazama Kaka. "Mdomo?"

"Nimefunga, Baba."

"Sasa fungua ule." Kisha akaongeza, tukiwa mezani, kwamba mwezi wa sita wote atakwenda kukaa kwa Kaka ili Kaka amsikie akikohoa mpaka achoke mwenyewe. Atapanda basi kwa mguu wake. Basi lina ngazi tatu tu. Kaka akacheka, akaegemeza kichwa mezani na kucheka kukageuka kitu kingine, na Baba akamwekea mkono uliowahi kufungwa bendeji juu ya kisogo, akauacha hapo.

Baadaye Kaka akaniomba jina la wimbo. Nikachukua simu nimwandikie, Baba akanizuia. Akasema atapendekeza mwenyewe, na kwamba niupeleke vilevile kwa wale askari wa kundi langu. Nikamkumbusha: sentensi tatu. Akajibu kwamba yeye ndiye aliyeanguka, anazijua. Akaniamuru niandike, nami nimeandika kama alivyosema.

"Utasikia ngoma ya mtu asiye na haraka, na juu yake nyuzi. Usikilize ukiwa unapanda. Tahadhari: katikati ngoma inanyamaza, wewe endelea kutembea, itakukuta mbele."